Mcheza Kwao Hutunzwa: Wito kwa Watu wa Machakos

Ndugu zangu wa Machakos, nanyi nyote mnaoiita Masaku nyumbani popote mlipo, nawaandikia kuhusu wasichana wanaocheza mpira wa kikapu, na kuhusu sisi ambao bado hatujaenda kuwatazama.

Yuko Mkenya anayeitwa Madina Okot. Kwao ni Mumias, Kaunti ya Kakamega, na kimo chake ni futi 6 na inchi 6. Alianza kikapu akiwa amechelewa, ukimlinganisha na wasichana wa Marekani wanaoshika mpira tangu utotoni. Akiwa Chuo Kikuu cha Zetech, pale Ruiru, alivaa jezi ya Zetech Sparks. Mwaka 2024 alivuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Mississippi State, na katika msimu wake wa kwanza tu huko alikuwa akifunga zaidi ya pointi 11 na kudaka ribaundi, yaani mipira iliyokosa kikapu, zaidi ya 9 kwa kila mchezo. Mwaka 2025 alihamia South Carolina, mojawapo ya timu zenye sifa kubwa kuliko zote katika kikapu cha wanawake cha vyuo vya Marekani. Ukumbi wa timu hiyo una viti 18,000. Waliomfuatilia huko walijua alivyodaka mpira juu ya vichwa vya wapinzani, na walijua pia uchangamfu wake.

Kabla ya hayo yote, Madina alikuwa hapa hapa. Kutoka Machakos hadi Ruiru ni safari ya asubuhi, unarudi nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Kumwona kungetugharimu nauli ya matatu na saa chache za Jumamosi. Ni wangapi kati yetu waliokwenda? Wamarekani wamelijua jina lake na tabasamu lake kabla yetu, ilhali ni binti wa nchi yetu.

Hilo ndilo linalonisukuma kuandika. Sitaki binti mwingine, safari hii wa Kathiani, Mwala, Masinga au Mlolongo, apendwe na wageni kwanza halafu sisi tuje kumdai baadaye.

Tujiulize kwa nini watu humpenda mchezaji. Mtu anaweza kuheshimu kipaji cha mchezaji asiyemjua, lakini hawezi kumpenda. Mapenzi ya shabiki huanza pale anapomjua mchezaji kama mtu: anatoka wapi, anacheka vipi, akikosa mtupo anainamisha kichwa au anarudi mbio kulinda kikapu, akishinda anamkumbatia nani kwanza. Mchezaji akishajulikana hivyo, mechi yake inakuwa jambo la nyumbani kwa kila anayemfuata.

Mtazameni Caitlin Clark, mchezaji wa kikapu wa Marekani. Alizaliwa Des Moines, katika jimbo la Iowa, jimbo la wakulima wa mahindi, na akachagua kusoma na kucheza katika chuo kikuu cha jimbo hilo hilo. Alitupa mpira kutoka mbali kiasi kwamba watu waliinuka vitini kabla haujafika kikapuni. Lakini walimpenda pia kwa hasira zake, kwa maneno yake kwa refa, kwa furaha yake isiyojificha, na kwa muda aliowapa watoto waliotaka saini yake. Oktoba 2023 timu yake ilihamishia mechi nje, katika uwanja wa Kinnick unaochezewa kandanda ya Kimarekani, na watu 55,646 wakafika. Hiyo ilikuwa rekodi ya mahudhurio katika kikapu cha wanawake. Aprili 2024, fainali ya vyuo kati ya Iowa na South Carolina ilitazamwa Marekani na takriban watu milioni 19, ilhali fainali ya wanaume mwaka huo haikufikisha milioni 15. Alipoingia ligi ya kulipwa ya WNBA na timu ya Indiana Fever, wastani wa watazamaji katika mechi za nyumbani ulipita 17,000. Ligi hiyo ilicheza msimu wake wa kwanza mwaka 1997, na kwa miaka mingi wapo waliosema kikapu cha wanawake hakitapata watu. Watu walikuwapo. Walihitaji kumjua mtu wa kumfuata.

Mtazameni pia Angel Reese. Aprili 2023 timu ya chuo chake, LSU, iliishinda Iowa ya Clark 102 kwa 85 katika fainali ya vyuo, naye akamwonyesha Clark kidole cha pete panapovaliwa pete ya ubingwa, na kupunga mkono mbele ya uso wake mwenyewe, ishara hiyo ya pili ikiwa ile ambayo Clark mwenyewe alikuwa ameitumia siku chache kabla. Wengi walimshambulia Reese kwa ukali. Clark alimtetea, akasema hakustahili kulaumiwa. Hapo pana funzo kwetu sisi tunaolea mabinti. Mchezaji mmoja atakuwa mpole, mwingine atapiga kelele na kujipiga kifua. Mvulana akijigamba uwanjani tunamwita simba. Msichana akifanya hivyo tusimwite mkosa adabu. Atakayejaza viti ni yule aliyeachwa awe mwenyewe.

Huenda mtu akasema hayo ni mambo ya Marekani, nchi yenye fedha. Basi nawasihi tuangalie South Carolina yenyewe ilivyoanza. Kocha Dawn Staley, aliyekuwa ameshinda dhahabu ya Olimpiki mara tatu kama mchezaji, alifika huko mwaka 2008. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 10 na kupoteza 18, na viti vingi vilikuwa vitupu. Staley aliwaendea watu wa mji. Aliwashukuru waliokuja, akawafanya wajione kuwa jamaa wa timu, akawaleta wachezaji karibu nao. Kuanzia msimu wa 2014-2015 timu hiyo ndiyo imekuwa ikiongoza Marekani nzima kwa mahudhurio katika kikapu cha wanawake cha vyuo.

Na katika wachezaji waliolelewa na umati huo yumo A'ja Wilson, binti wa Hopkins, kitongoji kilicho karibu na chuo hicho. Alibaki nyumbani, akaipa timu ubingwa wake wa kwanza mwaka 2017, na Januari 2021 watu wa kwao wakamsimamishia sanamu nje ya ukumbi akiwa bado kijana anayecheza. Hadi mwaka 2025 alikuwa ametangazwa mchezaji bora wa WNBA mara nne. Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. South Carolina waliyatimiza maneno hayo bila kuyasikia. Sisi tunayasikia tangu utotoni.

Sasa turudi Machakos. Je, hatuna watu? Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.4 katika kaunti yetu. Je, hatujui kujaza uwanja? Tarehe 17 Desemba 2017, Uwanja wa Kenyatta hapa mjini ulipokea fainali ya Kombe la CECAFA, Harambee Stars wakaishinda Zanzibar kwa penalti huku Patrick Matasi akizuia mikwaju na nyasi zikitetemeka kwa shangwe. Masaku Sevens imewaleta vijana wa Nairobi kwa mabasi na magari madogo kuja kutazama raga mjini kwetu. Je, hatujui kuwaenzi mabingwa? Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda mbio za Boston mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Patrick Makau aliweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Wazee wetu wanawataja hao kwa majina kana kwamba ni watoto wa jirani, na ndivyo walivyo.

Je, hatuna wasichana wanaoweza? Jibu liko Kwanthanze. Shule hiyo ya Mwala imetwaa ubingwa wa taifa wa voliboli ya wasichana na kutamba katika mashindano ya shule za Afrika Mashariki, na mabinti waliopita pale wamefika hadi timu ya taifa, Malkia Strikers. Msichana anayeruka juu ya wavu akaupiga mpira kwa nguvu ana miguu, macho na moyo wa kudaka ribaundi. Miili hiyo ipo, bidii hiyo ipo, na walimu wenye kujitolea wapo. Kinachopungua ni macho yetu.

Upungufu huo si wa Machakos peke yake. Ukisimama stejini uulize habari za McDonald Mariga, utaambiwa alikuwa Inter Milan. Ukiuliza habari za Victor Wanyama, utatajiwa Celtic, Southampton na Tottenham. Uliza sasa dada yao ni nani. Ni wachache watakaokujibu kwamba anaitwa Mercy Wanyama, kwamba ameichezea timu ya taifa ya kikapu, na kwamba amecheza kikapu cha kulipwa Uhispania. Watoto wa nyumba moja, na mmoja wao tumemwacha nje ya hadithi tunayoisimulia.

Julai 2021, timu yetu ya wanawake, Kenya Lionesses, chini ya kocha George Mayienga, iliishinda Misri mjini Kigali na kupata tiketi ya mashindano ya Afrika yaliyofanyika Yaoundé. Victoria Reynolds alikuwa nyota wa mashindano hayo ya Kigali. Nchi ilishangilia kwa siku chache, kisha tukarudi kwenye mambo yetu. Lakini mabinti wa ligi yetu waliendelea kucheza wikendi baada ya wikendi: KPA wa Mombasa, Equity Hawks, Zetech Sparks, Strathmore Swords, USIU Flames. Wanacheza Nyayo jijini Nairobi, wanacheza Makande kule Mombasa, na mara nyingi viti vilivyowazunguka vina nafasi tele.

Kwa hiyo naomba mambo haya, nikianza na nyumbani.

Wazazi, binti yenu akirefuka kupita wenzake, msimwache ainame mgongo kwa aibu. Mwambieni kimo chake ni neema, na mpelekeni kwa mwalimu wa michezo. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 wanaingia sekondari ya juu kwa njia tatu, na mojawapo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Serikali yenyewe sasa inautambua mchezo kama njia ya masomo. Huko Marekani kuna vyuo zaidi ya 350 vinavyocheza kikapu cha wanawake katika daraja la kwanza, na vingi hulipia wachezaji karo, malazi na chakula. Lakini vitabu ni sharti: alama zikipungua, kipaji kinabaki mlangoni. Na mtu akija na ahadi za ng'ambo, msitie saini karatasi kabla mwalimu wake na mtu anayejua sheria hawajaisoma. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo vya Marekani wameruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, lakini viza ya mwanafunzi wa kigeni inabana sana mapato ya aina hiyo. Binti yenu aondoke akiwa anayajua hayo, asije akaingia matatani kwa kutojua.

Walimu wakuu, siku timu yenu ya wasichana inapocheza nyumbani, fungueni geti. Acheni wanafunzi wengine watoke madarasani wakae kandokando ya uwanja wa saruji na kuimba. Tafuteni kipaza sauti, na mwanafunzi mmoja mwenye ulimi mwepesi atangaze mechi kwa kuwataja wachezaji kwa majina, vijiji vyao na sifa zao. Andikeni majina mgongoni mwa jezi. Namba peke yake haimfanyi mtoto wa darasa la nne aseme, nataka kuwa kama yule.

Watangazaji wa redio zetu za Kikamba, nyinyi mna uwezo ambao hakuna bango linaloufikia. Mama anayechuma kahawa Kangundo na baba anayechonga vinyago Wamunyu wanawasikiliza kutwa nzima. Mwalikeni msichana mmoja wa kikapu kila wiki. Msimwulize matokeo tu. Mwulizeni aliyemnunulia viatu vya kwanza, anachofanya usiku wa kuamkia mechi, mchezaji mwenzake anayemchekesha kuliko wote. Aongee Kikamba chake, acheke kicheko chake. Atakapoingia uwanjani Jumamosi, msikilizaji atakuwa tayari anamjua.

Viongozi wa kaunti, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limewapa nyinyi jukumu la viwanja na shughuli za michezo. Machakos ina bustani ya People's Park inayopendwa na familia na ina uwanja wa kandanda uliojulikana Afrika Mashariki nzima. Tunaomba kaunti iwe na ukumbi wa kikapu wenye paa, sakafu isiyovunja magoti, taa za jioni, na vyumba vya kubadilishia nguo vya wasichana vyenye maji na mlango unaofungwa. Nanyi wananchi, msingoje kupewa. Vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti viko wazi kwa kila mkazi. Nendeni mkalitaje jambo hili na mhakikishe limeandikwa.

Wenye viwanda na biashara za Athi River, Mavoko na mjini, jozi 12 za viatu vya kikapu na basi la kuipeleka timu kwenye mashindano ni gharama ndogo kwenu, na kwa mabinti hao ni msimu mzima. Kampuni za Marekani zimekwisha kugundua kwamba familia humpenda anayewalea mabinti zao. Vyuo vyetu pia, Machakos University mjini na Daystar pale Athi River, vina nafasi ya kuwa kwa Machakos kile ambacho Zetech ilikuwa kwa Madina Okot: mahali ambapo msichana anasoma huku mtu akimtazama anavyokua.

Na sisi mashabiki, ambao ndio wengi. Tukienda, twende kama watu waliolelewa. Tushangilie kwa filimbi, kwa ngoma na kwa nyimbo zetu, maana Ukambani kuna wacheza ngoma waliosifiwa kwa kuruka na kupinduka hewani. Lakini tusipige makelele kuhusu umbo la msichana, nguo yake wala nani atamwoa. Anayefanya hivyo tumkanye hapo hapo, kwa upole na bila kuona haya. Msichana aliyetukanwa kutoka vitini hujikunja, na mchezaji aliyejikunja haonyeshi kilichomo ndani yake. Tukipiga picha za simu, tupige pasi aliyoitoa, mtupo alioufunga na furaha yake, kisha tuandike jina lake kamili chini ya picha. Kiingilio kikiwepo, tulipe. Hata shilingi 50 humwambia mchezaji kwamba jasho lake lina thamani.

Wavulana na wanaume, nawaomba kwa namna ya pekee. Wale waliojaa Kinnick mwaka 2023 walikuwa mababa na watoto wao wa kiume pamoja na mama na mabinti. Kumshangilia msichana hakumpunguzii mtu uanaume wake. Mpeleke dada yako, mpeleke binti yako, na umpeleke pia mwanao wa kiume aone akiwa bado mdogo kwamba ushujaa hauna jinsia.

Nanyi mabinti wenyewe, mnaodunda mpira kwenye viwanja vyenye nyufa huku jua la saa nane likiwachoma: chezeni mkiwa nyinyi. Mpole abaki mpole, mcheshi acheke, mkali awe mkali kwa heshima. Wasalimieni waliokuja kuwaona, hata wakiwa watano. Watoto wakiwafuata baada ya mechi, wapeni dakika moja. Madina alipotoka Mumias hakuna aliyemwandalia umati. Alifanya kazi hadi umati ukamkuta. Nanyi mnastahili umati huo mapema zaidi, na katika ardhi yenu.

Hatuwezi kuahidi kwamba Machakos itamtoa mchezaji wa WNBA mwaka huu wala mwakani. Tunaweza kuahidi kwamba msichana wa kaunti hii anayecheza kikapu hatacheza tena mbele ya mwalimu wake na mbwa wa mlinzi wa shule peke yao. Hilo halihitaji fedha za nje wala ruhusa ya mtu. Linahitaji tuamue.

Basi, msomaji, ukisikia kuna mechi ya wasichana karibu nawe wikendi hii, nenda. Nenda na mtu mmoja. Jifunze jina la mchezaji mmoja, na uwasimulie wengine habari zake kabla Jumatatu haijafika.